Kwa Mwanahamisi, kuhusu baba na mto

Jorhat, Assam

Mwanahamisi shoga yangu,

Salamu nyingi. Watoto hawajambo? Shangazi Zena anaendeleaje na mguu? Mimi mzima. Unisamehe kwa kimya cha miezi mitatu, mitihani ilinibana. Ujumbe wako wa sauti umenikuta nikiwa kivukoni, na nimeusikiliza mara nne. Kumbe baba amekataa tena kuhama Mohoro, huko kwetu Rufiji, na kaka zako wanataka kumbeba kwa nguvu kabla masika hayajaleta mafuriko. Moyo umeniuma, hasa kwa pale nilipokuwa naelekea siku ile.

Kuna kisiwa hapa kinaitwa Majuli, katikati ya mto Brahmaputra. Unapanda kivuko Nimati, mnasongamana na pikipiki na magunia, na baada ya saa moja hivi unashukia mchangani. Tangu 2016 ni wilaya kamili, wilaya ya kwanza India kuwa kisiwa cha mtoni. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 167,304. Lakini ardhi yao inakwisha, Mwana. Zamani ilizidi kilomita za mraba 1,000, leo haifiki hata 600. Wazee hesabu yao wanaianzia tetemeko la tarehe 15 Agosti 1950. Milima ya juu iliporomoka, udongo ukajaa mtoni, maji yakakosa kina yakaanza kula kingo. Mpaka leo yanakula.

Nililala kwa mama mmoja wa Kimising. Hawa Wamising wana lugha yao mbali kabisa na Kiassam, ingawa Kiassam wanakizungumza na kila mtu. Nyumba yao ungeiona ungecheka kwa furaha: dungu! Dungu la Rufiji lililokua likawa nyumba ya familia, limesimama juu ya nguzo, sakafu ya mianzi, ngazi mbele. Chini ndiko anakofumia nguo, na nguruwe wanapita. Nilipoketi tu akaniletea popoo na tambuu. Nilinyamaza kwa muda, nikamkumbuka bibi yako pale kibarazani.

Jioni mumewe akanipeleka ukingoni, akaninyooshea kidole majini. Pale palikuwa na shule aliyosoma. Pale palikuwa na shamba la haradali. Wameshahama mara nne. Kila mara wanaifungua nyumba, nguzo kwa nguzo, wanaibeba, wanaisimamisha mbele, na kijiji kinakwenda na jina lake lilelile. Nilimuuliza kama hakuwahi kukataa kuhama. Akasema mara ya kwanza alikataa, mpaka wenzake walipoanza kumuuliza kila kitu kikae wapi kule mbele: mlango uangalie wapi, mche wa popoo upandwe upande gani. Basi akawa yeye ndiye anayewahamisha wao.

Hata watawa wao wanahama. Kisiwa kina nyumba za ibada ziitwazo satra, za wafuasi wa Sankardeva, yule aliyewafundisha watu karne ya 15 na 16 kumwabudu Mungu mmoja kwa nyimbo na michezo ya kuigiza katika lugha wanayoielewa. Wafalme wa Ahom, waliotawala Assam enzi hizo, walizipa ardhi. Ile ya Auniati ilianzishwa 1653, zama za mfalme wao Jayadhwaj Singha. Inasemwa zilifika 65, na sasa zimebaki 22. Nyingine zimevuka kwenda bara baada ya mto kumeza viwanja vyao. Kwenye satra ya Samaguri nimewaona wakitengeneza barakoa za bhaona, michezo yao hiyo: wanasuka mifupa ya uso kwa mianzi, wanaivisha kitambaa chenye udongo wa mtoni, wanaijazia kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Ukiifikiria vizuri, mto uleule unaowapokonya viwanja ndio unaowapa udongo. Na kule Salmora wanawake wanafinyanga vyungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu, na vinachomwa kwa magogo yaliyoletwa na maji.

Ndiyo maana nakuandikia yote haya. Baba si mkaidi, Mwana. Mtu aliyelima mlau miaka yote, aliyengoja maji yashuke ndipo apande, huwezi kumwambia mto ni adui akakuelewa. Kaka zako wanamwambia "toka" tu. Hakuna aliyemwambia anakokwenda kukoje.

Nakuomba jambo moja. Nenda Mohoro wewe mwenyewe, usimtume Hamza. Kaa naye siku mbili, umuulize, uandike: makaburi yako wapi, mwembe wa mama ulipandwa mwaka gani, mpaka wa shamba ulipita wapi kabla mto haujageuka. Mrekodi kwenye simu. Halafu umpeleke kwenye kile kiwanja cha juu achague mwenyewe mlango uangalie wapi.

Kiwanja chenyewe bado kipo, au Hamza ameshakiuza? Ile nyumba ya zamani, mbao zake zinafaa kubebwa? Mama mdogo anasemaje, yuko upande wa nani? Na masika yakiwahi mwaka huu, mna mtumbwi wa uhakika, au mnategemea wa jirani? Nijibu upesi hata kwa sauti. Hela kidogo ninayo, niambie nauli ya Mohoro sasa ni shilingi ngapi nikutumie.

Wako,
Rehema