Mrabaha wa madini usaidie utafiti wa afya ya wajawazito

Ndugu Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu uchache wa fedha za utafiti wa afya ya wanawake, nami naomba nafasi niseme neno kutoka Lubumbashi, mji wa migodi katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo baada ya kulinganisha watoto waliozaliwa hapa wakiwa na kasoro za maumbile na wale wasio nazo. Watoto ambao baba zao hufanya kazi ya madini walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi. Je, na mama zao? Jirani yangu ana mimba ya miezi saba. Kila jioni huloweka nguo za kazi za mumewe katika beseni, anazifikicha kwa mikono mitupu, na maji hugeuka kuwa tope jekundu hadi kwenye viwiko vyake. Hakuna aliyewahi kumpima damu wala mkojo kujua amebeba nini mwilini.

Fedha zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 huipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni za madini huilipa serikali. Naliomba bunge la Haut-Katanga lipitishe edikti, yaani sheria ya jimbo, ya kutenga sehemu maalumu, hata ikiwa ndogo, kwa utafiti wa afya ya wajawazito, na fedha hizo zifike chuoni kila mwaka bila kungoja mfadhili wa nje. Wajawazito wa Katuba, Kenya na Kampemba, wilaya za mji wetu, waanze kupimwa tangu mahudhurio ya kwanza ya kliniki, nao waelezwe majibu yao kwa Kiswahili.

Mama wa watoto watatu,
Katuba, Lubumbashi