Uliniita Kemkers mbele ya wajomba

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na ujumbe unausoma hujibu. Basi nakuandikia hapa, kwa sababu najua mkeo hupitia huku na atakusomea, utake usitake.

Ya kiwanja tuyaache kwanza. Nataka unijibu jambo moja: siku ya khitma ya mama, uliniitaje?

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nimeinama kumpa mjomba mkubwa kahawa. Akakuuliza, tena kwa wema tu, ilikuwaje wewe uliyekuwa Ulaya sasa unauza nyaya na soketi Ngamiani. Ukanyanyua kidevu kunielekea mimi, ukasema, "Muulizeni Kemkers." Mjomba akauliza kama huyo ndiye shemeji. Watu wakacheka, hata shangazi aliyekuwa anafuta machozi. Mimi nikaendelea kugawa kahawa mkekani mpaka mwisho, na wewe nikakuruka.

Pale tulijua wawili tu ulichokisema. Wengine mnaosoma, niwaeleze kwa ufupi. Gerard Kemkers ni kocha wa Kiholanzi wa mbio za kuteleza kwenye barafu. Tarehe 23 Februari 2010, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, mchezaji wake Sven Kramer alikuwa kwenye mita 10,000, na Uholanzi nzima ilishamvisha dhahabu kichwani mwake. Ya mita 5,000 alikuwa ameshaichukua. Mchezo wenyewe huchezwa wawili wawili, mmoja njia ya ndani, mwenzake ya nje, na kwa kuwa ya ndani ni fupi, lazima wabadilishane kila mzunguko. Mizunguko ni 25. Ikiwa imebaki kama minane hivi, Kramer anakwenda zake nje, ndiko alikotakiwa, Kemkers akamwonyesha ndani. Akavuta mguu dakika ya mwisho, akavuka koni zinazogawa njia, akaingia njia ya Mrusi Ivan Skobrev. Akaendelea hadi mwisho, 12:54.50, akanyanyua mikono kushangilia. Kemkers ndiye aliyemfuata kumwambia. Tuliona miwani inatupwa. Matokeo yakafutwa, dhahabu akapewa Mkorea Lee Seung-hoon aliyetumia 12:58.55, sekunde nne nyuma yake.

Tuliitazama kwa yule mzee wa ghorofa ya chini, wa supu ya njegere. Alikuwa na karatasi yake aliyoichora mistari kwa rula, anaandika kwa penseli muda wa kila mzunguko, kama walivyozoea wazee wa kule, ingawa muda uko kwenye skrini. Koni ilipovukwa penseli ikasimama. Akaikunja karatasi, akaiweka chini ya sahani, asiseme neno. Na kwenye runinga Kramer bado anakata barafu, mkono mmoja mgongoni. Wewe ndiye uliyesema, "Maskini, mbio zimekwisha naye bado anakimbia." Ulisema ukicheka, na mkate mdomoni. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kozi ya umeme.

Sasa unasema mimi ndiye niliyekunyooshea kidole ndani. Haya. Mama alipoanza kuanguka bafuni alimpigia nani akilia? Mimi alinipigia kunijulisha, lakini aliyemtaka ni wewe. Nikasema nenda ukakae naye, kozi haikimbii, kibali chako cha kuishi huku tutakishughulikia. Nilisema, sikatai. Ungesema nini wewe, una mapacha hawajaacha nepi, na zamu za usiku za kuwageuza wazee wa watu kitandani? Niende mimi nani alipe dawa? Na barua ya kibali ilipokuja kwangu nilikupigia siku ile ile. Ukasema, dada, mama amelazwa, tutaongea. Hilo mbona hukuwasimulia wajomba?

Halafu Kemkers hakuwa mpita njia aliyeokota kibao cha kocha. Aliteleza mwenyewe, ana shaba ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Calgary, 1988. Na Kramer alikuwa na macho, njia zile amezipita tangu utotoni. Wako Waholanzi mpaka leo watakwambia mchezaji ndiye anayepaswa kujua yuko njia gani. Sisemi kwamba na wewe ulikuwa na macho. Au basi, nasema. Ulikuwa mtu mzima, pasipoti mkononi mwako.

Najua ulichokifanya. Ulimpa uji kijiko kwa kijiko miaka yote ile, ulimbeba mgongoni kumshusha ngazi za hospitali, na wewe ndiye uliyemfumba macho. Mimi nilifika udongo umeshakauka, nikaonyeshwa kaburi kama mgeni. Jirani zake wananisifu kwa pesa nilizokuwa natuma, nami naitikia, huku nakutazama wewe uko kule unapanga viti. Hilo sina cha kukulipa, na hukuwahi kunidai.

Ila ulipolichukua lile jina ulilichukua nusu. Kramer hakumfukuza Kemkers. Alikasirika, dunia nzima ikaona, kisha wakarudi kazini pamoja. Sochi, 2014, Kramer akachukua tena dhahabu ya mita 5,000, na kocha ni yule yule. Nakujua, utasema mbona 10,000 hakuipata? Sochi alichukua Jorrit Bergsma, yeye akawa wa pili. Pyeongchang 2018 akawa wa sita. Ile aliyonyang'anywa Vancouver haikurudi tena. Najua, usinifundishe. Mimi ndiye niliyebaki huku nikizitazama na yule mzee, mpaka wanawe walipomhamishia nyumba ya wazee. Alikuwa akiniuliza habari zako. Nilikuwa namwambia umefungua duka.

Sikuombi uniombe radhi mbele za watu, maana watu wenyewe hawakuelewa. Mjomba mpaka leo ananisalimia "shemeji hajambo?" nami namjibu hajambo.

La mwisho, paa la nyumba ya mama linavuja upande wa jikoni. Pesa za mabati nimemtumia mjomba kwa kuwa wewe hupokei. Simamia mwenyewe. Wachukue geji 28, wasije wakakuwekea 30 wakakwambia ni ile ile, na usiwalipe mafundi zote kabla hawajamaliza. Na huyo fundi wa msikitini usimchukue, nilishakwambia.

Dada yako