Kuhusu usaili wako wa Alhamisi

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Nimefurahi mno kusikia umeitwa kwenye usaili wa ukarani katika kampuni ya kuondosha mizigo bandarini. Tafadhali, siku hizi chache usizimalize kwa kukariri majibu ya "udhaifu wako ni upi". Chukua lile tangazo la kazi, lisome mstari kwa mstari, na kando ya kila wanachotaka andika kitu ulichokifanya mwenyewe ulipokuwa kwenye mafunzo ya kazini. Wametaka mtu makini na nyaraka? Eleza ulivyolinganisha ankara na orodha ya mizigo, uzito uliopishana, uliyempigia simu, na kosa lilivyorekebishwa. Ukisema tu "mimi ni makini", hawana cha kukupa alama.

Hesabu ndiyo huangusha wengi. Tuseme wamekupa mzigo wenye CIF (bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli) ya shilingi 1,000,000, na ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru ni 250,000. Sasa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 haipigwi kwenye ile milioni, hupigwa kwenye 1,250,000, nayo ni 200,000. Atakayeandika 160,000 amesahau kwamba VAT hukaa juu ya ushuru, na msimamizi ataliona hilo mara moja. Wakikupa bei ya FOB, yaani ya mzigo uliopakiwa melini bila nauli wala bima, jumlisha kwanza nauli ya meli na bima, ndipo upate CIF. Ada nyingine za uingizaji zitaje kwa majina, lakini viwango vyake useme utavihakikisha KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), maana hubadilika sheria inapobadilika. Hapo usibahatishe kabisa. Fanya hesabu kama hizo kila usiku bila kikokotoo.

Wakisema "jieleze", tumia dakika moja na nusu. Shule ya msingi na idadi ya ndugu zako usivitaje. Anza na unachokijua kuhusu kazi yenyewe.

Mshahara ukiulizwa, taja kiwango cha chini na cha juu, na useme wazi ni kabla ya makato. PAYE (kodi ya mapato) na NSSF (akiba ya uzeeni) zitakatwa, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, kwa hivyo kitakachofika mkononi ni kidogo kuliko ulichokitaja.

Vyeti asili na nakala viweke kwenye faili la plastiki pamoja na kitambulisho. Kama wanataka cheti cha tabia njema na huna, omba leo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukachukuliwe alama za vidole, kisha siku ya usaili ubebe risiti. Na mtu yeyote akikudai pesa za fomu au za kupimwa afya kabla ya kukuajiri, huyo ni tapeli, ondoka.

Usaili ni saa tatu, nawe unatoka Likoni. Kuwa kwenye feri kabla ya saa moja, maana watu wakishajazana pale huwezi kujua utavuka ya ngapi. Vaa buibui jepesi lililopigwa pasi, na ubebe kitambaa cha jasho. Ukifika mapema, kaa chini upoe kabla ya kuingia.

Mwishoni wakikuuliza kama una swali, waulize karani mpya hukabidhiwa kazi gani miezi mitatu ya mwanzo.

Leo usiku nitakutumia hesabu tatu. Nijibu kwa karatasi, uipige picha.

Wako,
Zainabu