Strontiamu ya kwenye TV za chogo sio ya bomu

Mhariri,

Naomba nafasi maana kila mteja anayeingia kwangu siku hizi ananiuliza hili hili. Kuna voisi noti inazunguka kwenye magrupu, jamaa anasema TV za chogo zina strontiamu, aina ya metali, na strontiamu ndo ile sumu ya bomu la nyuklia, basi watu wamepaniki wanazibeba usiku kwenda kuzitupa korongoni. Jamani sio hivyo.

Strontiamu ipo kweli, hapo hajadanganya. Ipo kwenye kioo cha mbele. Chogo ya rangi inatembea na volti kama 25,000 ndani, elektroni zinatoka shingoni zinagonga kioo na zikigonga zinazaa eksrei, sasa ili zisikufikie wewe uliyejilaza kwenye kochi ndo wakachanganya strontiamu kwenye kioo, inazimeza. Madini ya risasi nayo yanazimeza vizuri tu ila kioo chenye risasi kikipigwa muda mrefu kinageuka kahawia, mpira utauonaje? Kwa hiyo hicho mnachokimbia ndo kilikuwa kinawakinga miaka yote hiyo. Enzi zile Marekani hadi robo tatu ya strontiamu waliyotumia ilikuwa inaishia kwenye vioo vya TV.

Na hiyo ni ya kawaida, haina mionzi. Chumvi zake zikiungua zinatoa moto mwekundu, ule wa fataki na wa zile ishara za kuombea msaada baharini. Sumaku nyeusi nyuma ya spika yako, kuna uwezekano mkubwa ni oksidi ya chuma na strontiamu. Imewekwa mpaka kwenye dawa ya meno, ya wale wanaopata ganzi wakinywa cha baridi.

Ya kuogopa ni strontiamu-90. Hii haichimbwi, inazaliwa urani ikipasuka kwenye bomu au kwenye kinu cha nyuklia. Mwili unaidhania kalsiamu unaipeleka kwenye mifupa, na inachukua miaka kama 29 kupungua nusu. Mwaka 2001 kule nchi ya Georgia jamaa watatu walienda msituni kutafuta kuni wakakuta makopo mawili yana joto, theluji pembeni imeyeyuka, baridi kali wakaona bahati hiyo, wakalala karibu nayo waote. Kumbe yalitoka kwenye mitambo ya umeme iliyotelekezwa tangu Usovieti, strontiamu-90 tupu. Usiku uleule wakaanza kutapika, mmoja akafariki 2004. Sasa hiyo na chogo ya sebuleni kwako wapi na wapi?

Kinachonikera mimi ni kwamba watu wanahofia kioo cha mbele wakati dampo vijana wadogo kabisa wanapasua chogo kwa mawe wapate koili ya shaba wakauze kwa kilo. Risasi iko hukohuko nyuma, kwenye kile kioo cha chogo lenyewe na shingo, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto, hilo halina ubishi. Halmashauri ipange sehemu ya kupokea chogo zikiwa nzima, na nyie gazeti mkiandika habari hii andikeni risasi.

Halafu vijana, ile koili haihitaji jiwe. Chomoa kile kibao kidogo cha saketi kilichochomekwa shingoni, legeza skrubu za klempu, vuta taratibu, inatoka.

Fundi TV na redio,
Morogoro