Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Darasani, Mtandaoni na Mseto

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka tunaoufunga. Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina, na ada ya uanachama haijabadilika. Sehemu kubwa ya taarifa hii nitaitumia kwa jambo lililotugawa mwaka mzima, nalo ni namna ya kuwafundisha watahiniwa wetu wa kujitegemea, yaani wanaojiandaa kwa mitihani ya taifa nje ya shule: ana kwa ana, mtandaoni, au kwa mseto wa njia hizo mbili.

Kumfundisha mtu aliye mbali si jambo geni nchini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake hapa Tabora. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, vipindi vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na wengi wetu ndipo tulipoanza kutuma masomo kwa WhatsApp. Shule zilifunguliwa Juni mwaka huohuo, lakini sisi hatukuacha, kwa kuwa wanafunzi wetu si watoto wa bweni. Ni wakulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge, mama lishe wa stendi na walinzi wa zamu za usiku.

Lawama ya kwanza huenda kwa mtandao na bei ya bando, wala si lawama ya uongo, kwani somo la video la saa moja laweza kumaliza bando ambalo mtu alitarajia limfikishe mwisho wa wiki. Toleo la bure la Zoom hukata mkutano baada ya dakika 40, ambazo ndizo dakika za kipindi kimoja cha sekondari, tofauti ni kwamba sehemu nzuri ya dakika hizo huishia kwenye “mwalimu, hausikiki.” Hata hivyo, kwa kuwa nami nimefundisha hisabati kwa njia hiyo mwaka huu, naona kilichotuumiza zaidi ni kimya. Darasani nikiandika mlinganyo ubaoni, hunitosha kutazama safu ya nyuma kujua nani ameachwa: kalamu imesimama, au mtu anachungulia daftari la jirani. Mtandaoni kamera zote huzimwa ili kuokoa bando, nami nikiuliza kama tumeelewana, mmoja hujibu “ndiyo, mwalimu” kwa niaba ya wenzake wote. Wiki mbili baadaye jaribio hunionyesha kwamba tangu siku ya kwanza hakuna aliyejua kufungua mabano. Picha za daftari wanazotuma kama kazi ya nyumbani hazisaidii sana, maana baadhi zina kosa lilelile, na hata mwandiko uleule.

Lakini nitakuwa nimewapunja wanachama wa kamati ya masomo nikisema simu haikutufaa kitu. Wakati wa kukausha tumbaku, ambapo kila mwaka viti hubaki vitupu, safari hii wapo waliosikiliza vipindi vya historia wakiwa wanachochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Mama aliyejifungua hakulazimika kuacha masomo, na aliyeona aibu kuuliza mbele ya watu aliweza kuirudia sauti ya mwalimu mara tano bila kuchekwa.

Kilichotushinda ni mseto wa wakati mmoja, yaani kufundisha walio darasani na walio mbali kwa pamoja, na nakiri mbele yenu kwamba wazo hilo lilikuwa langu. Tuliiweka simu juu ya kigoda mbele ya ubao. Mwalimu akiandika, mgongo wake unaziba maandishi. Akisogea, sauti inapotea. Mvua ikianza kupiga bati, walio mbali hawasikii chochote isipokuwa hiyo mvua. Wakati anawajibu hao, waliotembea kwa miguu kuja kituoni wanakaa wakimngoja. Kwa kweli alikuwa anafundisha madarasa mawili kwa posho ya darasa moja. Vishikwambi walivyopewa walimu wa shule za umma baada ya Sensa ya 2022 vimewasaidia baadhi yetu kurekodi, ila vipo upande wa mwalimu tu. Mwanafunzi bado anasubiri simu ya mumewe irudi nyumbani.

Kamati Tendaji inapendekeza mseto huo ukome, na njia hizo mbili zipishane. Hisabati na masomo ya sayansi yafundishwe ana kwa ana kila Jumamosi, kwa sababu huwezi kumwonyesha mtu kwa simu iliyopasuka kioo jinsi rangi inavyobadilika kwa tone moja la asidi. Historia na Kiswahili viendelee kwa sauti fupi zilizorekodiwa, zikifuatwa na maswali ambayo mwanafunzi atayajibu kwa maandishi na kuyaleta Jumamosi hiyohiyo.

Hatukuafikiana juu ya malipo. Kurekodi kipindi kimoja vizuri huchukua muda mrefu kuliko kukifundisha, na kwa maoni yangu kinastahili posho kamili hata kama kitatumika tena mwakani. Wenzangu wawili wanaona posho ilipwe mara ya kwanza tu, kisha ipungue. Nakala za mapendekezo yote mawili ziko mezani kwa Katibu, na kura itapigwa mara baada ya taarifa ya Mweka Hazina.