Mpwa wangu, Zuhura bado inahitaji rada za duniani

Mpwa wangu mpendwa,

Uliuliza kwa nini watu bado wanahangaika kuipima Zuhura kwa rada wakiwa hapa duniani, ilhali chombo cha anga cha Magellan kiliizunguka kati ya 1990 na 1994 kikachora takriban asilimia 98 ya uso wake. Nakujibu hadharani kwa sababu swali hilo wanalo wengi.

Sayari ile imefunikwa gubigubi na mawingu ya asidi ya salfuriki, ila mawimbi ya redio hupenya. Mwaka 1961 kituo cha antena cha Goldstone, California, kilirusha mawimbi hayo hadi Zuhura na kupokea mwangwi wake, na umbali wa Dunia hadi Jua ukajulikana kwa usahihi ambao haukuwahi kupatikana. Haukupita muda mrefu ikabainika kuwa Zuhura hujizungusha kinyume na Dunia, mzunguko mmoja kwa siku 243 hivi. Kabla ya rada, hakuna aliyejua hata urefu wa siku yake!

Namna ramani inavyopatikana ndiyo hunifurahisha zaidi. Zuhura ikitukaribia kabisa huwa umbali wa kilomita milioni 40 hivi, na mawimbi huchukua zaidi ya dakika nne kwenda na kurudi. Sehemu ya uso iliyotuelekea moja kwa moja hurudisha mwangwi kwanza, kingo zikafuata, na tofauti hiyo ndogo ya muda huigawa sayari katika pete. Tena, kwa kuwa inazunguka, mwangwi wa upande unaotujia hupanda masafa (yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde) na wa upande unaotuacha hushuka, kama honi ya gari linalokupita. Pete na mistari ya masafa vinapokutana, mahali panajulikana. Tatizo ni kwamba hukutana mara mbili, kaskazini na kusini, kwa hiyo darubini ya Arecibo, Puerto Rico, yenye upana wa mita 305, ilielekezwa kwenye nusu moja ili mwangwi wa nusu nyingine ufifie.

Kwa njia hiyo yaligunduliwa maeneo ya Alpha Regio na Beta Regio, na milima ya Maxwell Montes inayofikia kilomita 11 hivi. Karibu kila kitu kingine huko kina jina la kike. Haya matatu yalibaki na majina yasiyo ya kike kwa sababu rada za duniani zilitangulia kuyapa.

Kasoro ipo, nami siifichi: Zuhura ikitukaribia hutuonyesha karibu uso ule ule kila mara. Lakini hapo hapo ndipo penye faida, maana picha za eneo moja zinaweza kulinganishwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2023 wanasayansi walionyesha, kwa picha za Magellan za 1991, kwamba tundu la volkano karibu na mlima wa Maat Mons lilibadilika umbo ndani ya miezi minane. Magellan ilikaa miaka michache tu. Picha za Arecibo zinaanzia miaka ya nyuma zaidi na kufika 2020, mwaka ambao darubini hiyo iliporomoka. Msiba ule unaniuma hadi leo.

Goldstone nayo iliendelea kupima. Vipimo vyake vya 2006 hadi 2020 vimeonyesha kuwa muda ambao Zuhura hutumia kujizungusha mara moja hubadilika kwa takriban dakika 20, na hilo ni muhimu kwa chombo chochote kitakachotua huko, kwani bila kulijua kinaweza kukosa shabaha kwa kilomita nyingi.

Picha za Arecibo zimehifadhiwa wazi kwa yeyote. Anza na Maxwell Montes, kisha uniandikie ulichoona.

Mjomba wako