Maji Maangavu Yenye Floraidi: Ushauri kwa Familia za Wakulima wa Meru

Wateja wetu wa Ngarenanyuki, Maji ya Chai na vijiji vingine vinavyouzunguka Mlima Meru hutuuliza kwanza bei ya tangi, nasi huwauliza kwanza maji wanayokunywa yanatoka wapi. Miamba ya volkano ya mlima huu ina floraidi, aina ya madini yanayoyeyuka majini, na maji yanayokaa ndani yake kwa muda mrefu huibeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima bila kubadilika rangi wala harufu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinakipita kwa mbali.

Watoto wanaoyanywa maji hayo kabla ya kutimiza miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Yakinywewa kwa miaka mingi, floraidi hujilimbikiza mifupani, viungo hukakamaa, na hali ikiwa mbaya miguu hupinda. Kwa familia inayoishi kwa jembe la mkono, hasara haiishii hospitalini: asiyeweza kuinama hapalilii maharage, palizi ikichelewa mavuno hupungua, na fedha iliyokusudiwa sare na madaftari huenda kwa kibarua.

Inatuuma kumkuta mama aliyemaliza mzigo wa kuni akichemsha maji hayo kwa imani kwamba ameondoa madhara yote. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa sababu hiyo kuendelee, lakini floraidi haitoki. Maji yanapopungua kwa mvuke, yanayobaki huwa nayo nyingi zaidi kwa kila lita. Magadi ya kulainishia makande nayo huongeza, jambo ambalo kwa maoni yetu halisemwi vya kutosha. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao umetafitiwa kwa muda mrefu kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huinasa floraidi vizuri, ila huchoka na sharti ubadilishwe.

Ushauri wetu ni kutenganisha maji. Ya mto au ya kisima yatumike kufua, kuoga na kusafisha banda, na ya mvua yawekwe kwa ajili ya kunywa na kupikia tu. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku, huhitaji lita 25. Kwa siku 150 za kiangazi hizo ni lita 3,750, kwa hiyo tangi la lita 5,000 linatosha, na hatuoni sababu ya kumshawishi mkulima akope ili anunue la lita 10,000. Kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati huleta lita 1. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 200 hukusanya lita 8,000, na hata robo ikipotea njiani, tangi litajaa ndani ya masika.

Kazi ya ufungaji ndiyo inayoamua ubora wa maji. Gata, yaani mifereji ya kupokea maji ya paa, ziwe na mteremko, mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe kwa sababu huosha vumbi na vinyesi vya ndege, mdomo wa tangi uwe na wavu wa kuzuia mbu, na kifuniko kisipitishe mwanga. Maji ya kunywa yachemshwe vilevile. Anayetaka kuyavuna ya masika ijayo atuletee urefu na upana wa paa lake pamoja na idadi ya watu nyumbani kabla ya Februari kwisha, ili gata ziwe zimefungwa mvua za Machi zinapoanza.